Bei ya gari katika Miji Pacha: historia ya mapatano yasiyo sawa

Kwa zaidi ya miaka 100 Wamarekani wamenunua karibu kila kitu kwa bei iliyoandikwa, isipokuwa gari. Makala hii inachunguza kwa nini ilikuwa hivyo, na jambo hilo limewagharimu nini wageni waliohamia Minneapolis na Saint Paul kutoka Afrika Mashariki.

Miji ya Minneapolis na Saint Paul, katika jimbo la Minnesota, imekabiliana kandokando ya mto Mississippi, na kwa ujirani huo huitwa Miji Pacha. Mji wa Minneapolis una udugu rasmi na Eldoret nchini Kenya tangu mwaka 2000. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, Somalia iliposambaratika kwa vita, Minnesota imekuwa makao ya jamii ya Wasomali iliyo kubwa kuliko zote nchini Marekani. Wengi wao walipitia kambi za Dadaab na Kakuma au mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi, na Kiswahili wanakielewa. Wakenya nao wamejenga maisha katika vitongoji vya Brooklyn Park na Brooklyn Center, na pamoja nao wapo Waoromo na Waethiopia wengine.

Kila mmoja wao, muda mfupi baada ya kuwasili, hukutana na swali lile lile: nitafikaje kazini? Majira ya baridi katika jimbo hilo kipimajoto huweza kushuka hadi nyuzi 20 na zaidi chini ya sifuri. Viwanda, maghala na nyumba za kutunzia wazee zimetawanyika katika vitongoji, na zamu nyingi ni za usiku. Gari hapo si pambo wala si dalili ya utajiri, bali ni chombo cha riziki. Mtu anayelihitaji gari kwa dharura ndiye ambaye muuzaji hupenda kumwona akiingia mlangoni.

Mji wa bei moja

Historia ya maduka ya Marekani ina kinaya chake. Zamani nchi hiyo nayo ilikuwa nchi ya kushindania bei, kama vile Kariakoo au Gikomba. Waumini wa madhehebu ya Quaker walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuikataa desturi hiyo, wakiamini kwamba kumtajia mtu bei usiyoikusudia ni namna ya kusema uongo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wafanyabiashara wakubwa kama John Wanamaker wa Philadelphia waliifanya bei moja kwa wateja wote kuwa kanuni ya biashara. Duka kubwa lenye mamia ya wafanyakazi lisingeweza kumwachia kila kijana wa kaunta kupanga bei kwa hiari yake.

Minnesota ilitoa mchango mkubwa katika mageuzi hayo. Mwaka 1886, karani wa kituo cha treni cha North Redwood aitwaye Richard Sears alichukua shehena ya saa zilizokataliwa na mwenye duka, akaziuza, kisha akafungua biashara ya saa mjini Minneapolis. Kutokana na mwanzo huo ilizaliwa kampuni ya Sears, ambayo daftari lake la bidhaa liliwafikia wakulima wa nchi nzima na kuwaonyesha bei iliyochapishwa, isiyobadilika kwa kumtazama mnunuzi uso. Tarehe 1 Mei 1962, katika kitongoji cha Roseville kilicho jirani na Saint Paul, kampuni ya Dayton ya Minneapolis ilifungua duka la kwanza la Target, jina ambalo leo linajulikana Marekani nzima.

Kwa hiyo mkazi wa Miji Pacha anaweza kununua jokofu, kitanda au pete ya ndoa bila kufungua kinywa. Lakini akivuka barabara kwenda kununua gari, anarudi katika soko la kale.

Kwa nini gari lilibaki nje

Mwanzoni haikuonekana kwamba ingekuwa hivyo. Henry Ford alitangaza bei za magari yake hadharani, na akazishusha mwaka hadi mwaka. Gari aina ya Model T, lililoingia sokoni mwaka 1908 kwa kiasi cha dola 850, lilipatikana kwa chini ya dola 300 katikati ya miaka ya 1920. Ford alikuwa na kiwanda mjini Saint Paul kwenyewe, kando ya Mississippi, kilichoanza kazi mwaka 1925 na kufungwa mwezi Desemba mwaka 2011. Wakati huo maduka ya magari yalijipanga katika mtaa wa Harmon Place mjini Minneapolis, na baadaye barabara ya University mjini Saint Paul nayo ikawa mashuhuri kwa biashara hiyo.

Kilichoirudisha desturi ya kushindania bei ni gari kuukuu. Kufikia miaka ya 1920 Wamarekani wengi waliokuwa na uwezo walikwisha kuwa na gari, na aliyetaka jipya alikuja na la zamani ili litolewe sehemu ya malipo. Gari jipya lina bei ya kiwandani, lakini hakuna magari mawili makuukuu yaliyo sawa. Moja limetunzwa, jingine limechoka. Moja limeendeshwa na mzee mpole, jingine limepita katika mikono ya vijana watatu. Thamani yake haina budi kujadiliwa, na mjadala huo ukaiambukiza bei ya gari jipya. Muuzaji akawa hodari wa kutoa kwa mkono wa kulia na kuchukua kwa mkono wa kushoto: alilipandisha thamani gari la mteja kwa dola 200, kisha akaipandisha bei ya gari jipya kwa dola 300, na mteja akaenda zake akishangilia ushindi.

Jambo la pili lilikuwa mkopo. Mwaka 1919 kampuni ya General Motors iliunda chombo chake cha kuwakopesha wanunuzi, na ununuzi wa magari kwa awamu ukaenea haraka. Tangu hapo mapatano yakawa na nambari nne badala ya moja: bei ya gari, thamani ya gari la zamani, kianzio, na malipo ya kila mwezi. Anayezijua zote nne kwa pamoja ndiye anayejua bei ya kweli, na kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa mmoja tu mezani.

Kibandiko cha Seneta Monroney

Baada ya Vita Vikuu vya Pili hali ilichafuka zaidi. Viwanda vilikuwa vimesimamisha utengenezaji wa magari ya kiraia tangu mwanzoni mwa mwaka 1942, na vita vilipokwisha mwaka 1945 wateja walikuwa wengi kuliko magari. Kufikia miaka ya 1950 mambo yaligeuka: magari yakazidi wateja, na viwanda vikawashinikiza mawakala wauze kwa kila njia. Desturi ya kuijaza bei kwa siri, ili baadaye ipunguzwe kwa mbwembwe, ilienea nchi nzima.

Miaka hiyo ndiyo Miji Pacha iliyokuwa ikigeuka kuwa miji ya magari. Kampuni ya tramu, ambayo enzi zake ilikuwa na zaidi ya maili 500 za reli, iliendesha safari yake ya mwisho mwezi Juni mwaka 1954. Kisha ikaja sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956, na mtaa wa Rondo, moyo wa jamii ya Wamarekani weusi wa Saint Paul, ukapasuliwa katikati ili kupisha barabara ya I-94. Mamia ya familia walipoteza nyumba zao. Mkazi asiye na gari alipungukiwa na tramu, na wengine walipungukiwa hata na mtaa. Kulikosa gari sasa kulikuwa na maana ya kukosa nafasi katika uchumi wa mji.

Mwaka 1958, Seneta Mike Monroney wa jimbo la Oklahoma alifanikisha kupitishwa kwa sheria iliyokilazimisha kila kiwanda kubandika kwenye kioo cha gari jipya karatasi yenye bei inayopendekezwa, gharama ya kila nyongeza na gharama ya usafirishaji. Kibandiko hicho kipo hadi leo, na Wamarekani bado hukiita kwa jina la seneta huyo.

Sheria hiyo, hata hivyo, ilimwonyesha mnunuzi dari bila kumwonyesha sakafu. Ilisema kiwanda kinapendekeza gari liuzwe kiasi gani. Haikusema wakala amelinunua kiasi gani, wala haikumzuia kuuza juu au chini ya bei hiyo. Magari yaliyotumika, ambayo ndiyo hununuliwa zaidi na watu wa kipato kidogo, hayakuguswa kabisa.

Bei hutazama uso

Kwa nini jambo hili linawahusu zaidi wahamiaji na watu weusi? Katika miaka ya 1990 mwanasheria Ian Ayres alipata jibu kwa njia rahisi. Aliwatuma watu katika maduka ya magari ya eneo la Chicago, wakiwa wamefundishwa kuvaa, kusema na kujadiliana kwa namna moja. Tofauti yao ilikuwa rangi na jinsia. Matokeo ya utafiti uliopanuliwa, aliouchapisha mwaka 1995 pamoja na Peter Siegelman baada ya majaribio yapatayo 300, yalionyesha kwamba bei ya mwisho waliyotajiwa wanaume weusi ilizidi ile ya wanaume weupe kwa wastani wa kiasi cha dola 1,100. Wanawake weusi walitajiwa kiasi cha dola 400 zaidi.

Si lazima muuzaji awe na chuki ili matokeo kama hayo yatokee. Kazi yake ni kukisia nani anajua bei na nani hajui, nani anaweza kuondoka na nani hawezi, naye hukisia kwa kutazama sura, kusikiliza lafudhi na kuona kama mteja amekuja kwa basi. Lakini kwa yule anayelipa, dola ni dola, iwe imetolewa kwa chuki au kwa hesabu.

Hapa ndipo penye uchungu kwa watu wa pwani na bara la Afrika Mashariki. Wao si wageni wa kupatana bei. Mwanamke aliyekulia sokoni Mombasa au Mogadishu anaweza kumfundisha somo muuzaji yeyote wa Bloomington. Katika soko la Karmel mjini Minneapolis, ambako Wasomali huuza nguo, manukato na vyombo, mapatano yanaendelea kwa ufundi ule ule wa nyumbani. Lakini mapatano ya sokoni yana sharti lake: pande zote mbili zinajua takribani bei ya kitambaa, duka la jirani liko hatua tatu, na kesho watu watakutana tena msikitini au kanisani. Katika uwanja wa magari masharti hayo hayapo. Mnunuzi huja mara moja kwa miaka kadhaa, muuzaji hufanya kazi hiyo kila siku, na nambari muhimu ziko katika ofisi ya meneja, ambako muuzaji huenda na kurudi akisema kwamba anamtetea mteja.

Chumba cha pili

Wengi hudhani mapatano yamekwisha bei inapokubaliwa. La hasha. Mteja huingizwa katika chumba cha pili, kwa afisa wa mikopo, na huko ndiko faida kubwa hupatikana.

Benki humwambia wakala kwamba iko tayari kumkopesha mteja huyu kwa riba fulani. Kwa miaka mingi wakala ameruhusiwa kuongeza riba juu ya hiyo na kugawana ziada na benki, bila kulazimika kumweleza mteja. Tuchukue mfano wa hesabu. Mkopo wa dola 20,000 kwa miezi 72, kwa riba ya asilimia 6, hulipwa kiasi cha dola 331 kila mwezi. Riba ikipandishwa hadi asilimia 8, malipo huwa kiasi cha dola 351. Mteja aliyeulizwa tu kama anaweza kulipa dola 350 kwa mwezi haoni tofauti, lakini mwisho wa mkopo atakuwa ametoa karibu dola 1,400 zaidi kwa gari lile lile.

Mwezi Desemba mwaka 2013 taasisi ya mikopo ya Ally, iliyotokana na kile chombo cha General Motors cha mwaka 1919, ilikubali kulipa dola milioni 98 baada ya serikali ya shirikisho kuituhumu kwamba utaratibu wake wa nyongeza za riba uliwatoza Waafrika-Wamarekani, Wahispania na Waasia zaidi ya wazungu. Kati ya fedha hizo milioni 80 zilikuwa fidia. Mwaka 2018 Bunge la Marekani liliufuta mwongozo wa serikali uliokuwa msingi wa usimamizi huo. Mwezi Desemba mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho ilitoa kanuni mpya dhidi ya ulaghai wa bei katika maduka ya magari, nayo ikabatilishwa na mahakama ya rufaa mwezi Januari mwaka 2025, kwa sababu ya kasoro za utaratibu. Ulinzi wa mnunuzi umekuwa kama maji ya bahari: hujaa na kupwa.

Kwa Waislamu wengi wa Miji Pacha kuna suala jingine, nalo ni riba yenyewe. Wengi hupendelea kulipa taslimu, na wengine hukusanya fedha kwa mchezo wa kupeana zamu, ambao Waswahili huuita upatu na Wasomali huuita hagbad au ayuuto. Njia hiyo huwaepusha na chumba cha pili. Upande wake wa pili ni kwamba fedha za upatu mara nyingi hutosha gari kuukuu tu, na katika Minnesota gari kuukuu lina adui mkubwa: chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Bodi linaweza kung'aa huku chini limeliwa na kutu.

Majaribio ya bei moja

Mara kwa mara wafanyabiashara wenyewe wamejaribu kuondoka katika mchezo huo. Mwaka 1990 General Motors ilianza kuuza magari ya Saturn kwa bei isiyojadiliwa, na wateja wengi waliipenda heshima hiyo. Chapa hiyo ilifungwa mwaka 2010 kwa sababu za kifedha za kampuni, lakini wazo halikufa, na baadhi ya wauzaji wakubwa wa Miji Pacha walilifuata.

Miji hiyo pia ina kumbukumbu ya kinyume chake. Denny Hecker, ambaye alijenga milki kubwa ya maduka ya magari Minnesota na uso wake ukazoeleka katika matangazo ya televisheni, alifilisika mwaka 2009. Mwaka 2010 alikiri makosa ya kuwalaghai wakopeshaji na kuficha mali katika kesi ya ufilisi, na mwaka 2011 alihukumiwa kifungo cha miaka 10. Waliolaghaiwa katika kesi hiyo walikuwa wakopeshaji wakubwa, wenye wanasheria na wahasibu. Ikiwa hao walidanganyika kwa karatasi, mwenye Kiingereza cha kuokoteza atasemaje?

Badiliko kubwa zaidi lililetwa na habari. Kitabu cha bei za magari cha Kelley kilianza kuchapwa Los Angeles mwaka 1926, lakini kwa muda mrefu kilikuwa cha wafanyabiashara. Toleo la wananchi lilitoka mwaka 1993, na mwaka 1995 bei hizo ziliingia katika intaneti. Utafiti wa wanauchumi watatu uliochapishwa mwaka 2003, ukiongozwa na Fiona Scott Morton, ulionyesha kwamba wateja weusi na Wahispania wasiotumia intaneti walilipa kiasi cha asilimia 2 zaidi ya wateja wengine, ilhali waliotumia walilipa karibu sawa na wazungu. Ujuzi wa bei ulifanya kazi ambayo sheria zilishindwa kuikamilisha.

Yanayofaa kukumbukwa

Historia hii ina mafunzo ya kutumika. La kwanza ni kuzitenganisha zile nambari nne: mnunuzi akubaliane kwanza bei kamili ya gari pamoja na ada zote, ndipo azungumzie gari lake la zamani, na mwisho mkopo. Anayeanza na malipo ya mwezi amekubali kucheza gizani. La pili ni kuuliza riba katika benki au chama cha kuweka na kukopa kabla ya kwenda dukani, ili chumba cha pili kiwe na mshindani.

La tatu ni kuzijua sheria za jimbo. Minnesota huwataka wauzaji wa magari yaliyotumika kutoa dhamana kwa sehemu kuu za gari: siku 60 au maili 2,500 kwa gari lililokwenda chini ya maili 36,000, na siku 30 au maili 1,000 kwa lile lililofikia maili 36,000 lakini halijafika 75,000. Zaidi ya hapo sheria hiyo hailazimishi dhamana, hivyo ni heri kumlipa fundi asiye wa duka alitazame gari kabla ya kutia saini. Na baada ya kutia saini hakuna siku tatu za kujirudi, ingawa wengi huamini zipo.

Jimbo hilo lina sheria nyingine ambayo wageni huishangaa: magari hayauzwi Jumapili. Siku hiyo mtu anaweza kupita uwanjani bila kusindikizwa, akasoma vibandiko na kuandika bei. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la Jumapili huokoa fedha Jumatatu.

Wasikilizaji wapenzi, kupatana bei si dhambi wala si ushamba. Ni mazungumzo ya zamani kati ya mwenye mali na mwenye haja. Dhuluma huingia pale mmoja anapojua kila kitu na mwingine hajui lolote, na huzidi pale ujinga huo unapokisiwa kwa rangi ya ngozi au lafudhi ya mtu. Anayezijua nambari zake, na ambaye yuko tayari kuinuka na kwenda zake hata kama nje kuna theluji, amekwisha kuipunguza bei kabla hajasema neno.